Samaki Waliorudisha Miti Mlimani

Jumapili. Mvua imekatika mchana na mtaa wetu wote wa Gihosha unanuka udongo mbichi. Miguu inaniuma, ila moyo mwepesi.

Nianze kwa kukiri. Kwa miezi mingi nimekuwa nikinunua ndagala wakavu, dagaa wa ziwani, kule ufukoni Ruziba na kumpelekea Deo, mfugaji wa samaki kule milimani. Anawasaga, wanakuwa chakula cha truite, samaki wa maji baridi. Wiki iliyopita Mama Kezia, anayeniuzia ndagala, aliniuliza mbele ya watu: «Ziwa inatoa kidogo siku hizi. Watoto wanakosa, na we unapelekea samaki?»

Nilimlipa, nikaondoka haraka.

Leo nimepanda kumwambia Deo basi, sileti tena. Nilijiandaa kwa ugomvi. Lakini kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshanishika mkono, nikaone mabwawa yake, maana siku zote mzigo naushushia barabarani.

Sijawahi kuona maji kama yale. Samaki walisimama wakiukabili mkondo, kivuli cha kila mmoja kimelala juu ya kokoto. Nilitumbukiza mkono, vidole vikafa ganzi. Deo akacheka.

«Hii samaki haiwezi vumilia maji ya moto wala chafu, dada Zuhura. Walikata miti kule juu, udongo ikashuka, zote zikakufa siku moja. Ndo mi na majirani tukapanda tena.»

Nikainua macho. Miti michanga, mlima mzima, hadi inapopotelea kwenye ukungu. Yote ile kwa ajili ya samaki! Na maji yanayotoka bwawani hupitishwa kwanza kwenye shamba la magimbi, yaache uchafu humo, ndipo yarudi mtoni. Chini yake mama mmoja alikuwa akichota.

Subhanallah.

Nilipomweleza habari ya ndagala, alinipeleka kando ya bwawa. Kisha akafunua pipa: funza weupe, wanene, waliolelewa kwenye maganda ya ndizi.

«Nilikuwa naogopa kuwategemea,» akasema. «Samaki zitakua polepole, na nitafuga kidogo. Apana shida. Usilete tena.»

Akatupa konzi moja ya funza majini. Bwawa lililotulia kama kioo likalipuka, migongo ikimetameta, maji yakatulowesha wote wawili. Nilipiga kelele kama mtoto.

Nimeuza samaki tangu niolewe. Ilikuwaje sikuwahi kujiuliza samaki naye anakula nini, na anakitoa kinywani mwa nani?