Walioshika Miti ya Shiraa

Jumamosi, mwezi 4 Mfungo Saba, 1330
Mzungu amekuja tena na daftari lake. Siku ya tatu hii. Auliza mji ulivyogeuka tangu watumwa waachwe huru. Amekuja kwangu kwa kuwa hakuna ajuaye kama mimi. Mwandiko wangu mbovu, lakini kichwa changu hakipotezi kitu.

Leo kauliza shiraa. Mbona mabibi hawapiti tena ndiani ndani ya lile hema la nguo, wajakazi wameshika miti yake? Nikasema wameipenda buibui, nyepesi. Akauliza walioshika miti wako wapi. Nikasema wamekufa wote.

Uongo. Mauwa yuko Langoni, auza mahamri. Alishika mti wa mbele wa shiraa ya mke wangu, Mungu amrehemu.

Jumapili, 5
Mzungu avuka bahari kwenda Mokowe Jumatano. Aandika karatasi ya kuwaachia wenziwe watakaokuja kuuchunguza mji miaka ijayo: waulize nini, wamuulize nani. Kanisomea. Kwenye shiraa: wasijisumbue, hakuna aliyebaki. Kwa neno langu mimi. Nikaitikia kwa kichwa, mimi mtu mkubwa.

Nikamwongeza kahawa.

Jumatatu, 6
Niandike basi, hapa hasomi mtu.

Siku ya harusi ya mpwa wangu, mtoto wa Mauwa alikuwa na homa kali. Mauwa akaomba abaki naye. Nikakataa. Shiraa ya watu wanne ishikwe na watatu, nichekwe? Akaenda. Akashika mti mpaka alasiri. Aliporudi mtoto amekwisha kufa.

Si mke wangu aliyekataa. Si mila. Mimi. Ndiyo maana nikamwambia Mzungu wamekufa wote. Naogopa atakayosema Mauwa.

Jumanne, 7
Nimekwenda Langoni. Mauwa alikuwa akiepua mahamri. Nikamweleza nilivyosema kwa Mzungu.

"Kumbe nimekufa, Bwana! Na matanga hukuniwekea?"

Wanunuzi wakacheka. Yeye hakucheka.

Nikamwambia Mzungu aondoka kesho, aje aseme yote. Hata la mtoto.

"Hilo ndilo la kwanza," akasema. Akaondoa karai motoni, akajitanda, akatangulia. Mimi nyuma. Watu walitukodolea mato. Wakodoe.

Mbele ya Mzungu nikasema, nimekudanganya. Tangu kuzaliwa sijamwambia mtu neno hilo. Nikatoka nikaketi barazani.

Jumatano, 8
Mzungu ameondoka asubuhi. Sijisikii mwepesi, kama nilivyodhani.

Jana Mauwa alisema mpaka magharibi. Nilisikia kila neno. Mikono ilivyokufa ganzi. Jua. Bibi ndani akilalamika kivuli kimepinda. Mzungu akamuuliza kama ni kweli mabibi waliipenda buibui. Akasema, "Walipenda nini? Sisi tuliacha kubeba, wakakosa cha kujifunika. Mwulize Bwana, kwake tuliondoka sote siku moja."

Kweli. Wote, siku moja.

Mzungu akafuta maneno yangu kwenye ile karatasi. Kaandika wenziwe waanze kwa waliobeba, kabla hawajafa kweli.

Halafu akaniita ndani, aniulize mtoto aliitwa nani. Miaka minne alicheza uani kwangu, nikimwita we mtoto.

Mauwa akalitaja jina mwenyewe.

Saada. Nimeliandika polepole, lisikosewe.