Mara Tatu Kwenye Bomba

Jumatatu, 4 Juni

Mwanangu,

U hali gani? Mimi mzima wa mwili tu, roho iko juu juu. Karatasi hii nimempa mlinzi wa getini, maana simu zimekatazwa, eti zinavuruga mitambo yenu. Leo siku ya pili tangu kiwanda cha viatu kimwangukie mdogo wako, na mashine inayomtafuta unaiendesha wewe. Mungu ana mambo! Kuna habari gani?

Mama yenu

Jumanne, 5 Juni

Shikamoo mama,

Sijambo, nipo. Roboti yangu inatambaa kwenye nyufa asikopenya mtu, inaacha vihisio vidogo visivyo na waya, navyo vinatuletea kila mtikisiko. Leo vimenasa mtu anagonga: tatu, kimya, tatu. Upande wa mashariki. Mama, si ndivyo ulivyokuwa ukigonga sufuria kutuita tule? Nani mwingine angegonga hivyo? Nimewaapia wakubwa, wamewahamisha wachimbaji wote kutoka ghala la magharibi, walikokuwa wakimtafuta, kuja huku mashariki. Kula japo kidogo.

Kifungua mimba wako

Jumatano, 6 Juni

Marahaba mwanangu,

Nimelia, nimecheka, mlinzi kaniona kichaa. Kumbe ananisikia! Tangu juzi nimekaa uzioni hapa mashariki, nagonga kwa jiwe bomba la maji linaloingia kiwandani, tatu tatu, ajue mama yake nipo. Vidole vimechubuka, lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Siachi ng'o!

Mama yenu

Jumatano hiyohiyo, saa saba mchana

Mama,

Nisamehe, sina salamu. Weka jiwe chini. Tafadhali, mama, liweke chini. Tuliyekuwa tunamsikia ni wewe. Siku nzima tumechimba kufuata mkono wako, na kosa ni langu: nilitaka awe yeye, sikuuliza. Tumerudi magharibi. Kila saa watu wote wananyamaza, mimi nasikiliza.

Mwanao

Alhamisi, 7 Juni

Mwanangu,

Usijilaumu, sote tumekosa kwa kumpenda. Hali yangu usiiulize. Jiwe nimempa mlinzi anishikie, na mikono nimeikalia. Mmenyamaza mara kumi na tisa, nimehesabu. Mnasikia nini?

Mama yenu

Ijumaa, 8 Juni

Mwanangu,

Hujajibu. Mlinzi akinipita anaangalia viatu vyake. Sikulazimishi kuliandika hilo neno. Ila kama hamsikilizi tena, mwambie anirudishie jiwe langu nigonge, mdogo wako asidhani nimeondoka.

Mama yenu