Mume Wangu na Mashimo Meusi Aliyoyaacha

Jumamosi, Kibirichia. Ukungu haujaondoka tangu asubuhi, mlima hauonekani kabisa, na mimi nina uchungu ambao sijui niuweke wapi. Keki ya harusi bado ipo kwenye kopo.

Nampenda Mutwiri, hilo niliandike kwanza. Nikimsikia akifungua lango nasahau hata nilichokuwa nikipika. Nilimpenda kabisa siku tulipotembea Kiambere, tukaketi tukitazama maji ya bwawa, akanieleza masomo yake ya chuo kikuu. Alisema katikati ya galaksi kuna shimo jeusi linalomeza gesi, na mengine yamezingirwa na vumbi zito hata darubini za kawaida haziyaoni. Miale dhaifu ya eksirei humezwa humo humo. Ile yenye nguvu tu ndiyo hupenya, setilaiti ikainasa.

"Na si mbali," aliniambia. "Ni galaksi za jirani. Tulidhani zimetulia tu."

Macho yake yaling'aa! Nikasema moyoni, huyu ndiye.

Basi nikajigamba. Kanisani, dukani, kila mahali. Leo tukivuna viazi nikaanza tena, kwamba hivi karibuni mume wangu ataitwa dokta. Kendi, dada yake, akacheka mpaka akaangusha jembe.

"Dokta wa nini, bibi harusi? Wa viazi? Mutwiri si aliacha hayo mambo!"

"Aliacha lini?"

"Kabla ya harusi. Profesa wake alitaka aende ng'ambo miaka miwili, akakataa." Akanitazama vizuri. "Kwani si wewe uliyemkataza?"

Mama mkwe aliendelea kuchagua viazi, vikubwa huku, vidogo kule. Nikajua naye anaamini hivyo hivyo.

Mimi! Hata sikuulizwa.

Mchana nilimkuta Mutwiri akishona magunia, nikamuuliza kama ni kweli. Hakuinua macho.

"Ningekuulizaje, mpenzi? Ungeniambia niende."

Ndiyo, ningemwambia. Ningelia, lakini ningemwambia. Badala yake nimeolewa msichana nisiyejua kitu, nikaletwa kwenye boma ambamo kila mtu ananiona kama kamba iliyomfunga kijana wao. Kisha Mutwiri akaniletea chai, akaniita malkia wa Kibirichia. Nimeinywa. Ilikuwa chungu, na sukari alitia.

Nikamuuliza kama ile nafasi bado ipo. Akasema profesa aliandika tena juzi, anangoja jibu. Alipolitaja hilo macho yake yaling'aa kama siku ile ya Kiambere. Sijayaona hivyo tangu tufunge ndoa.

Na mimi siku ile nilidhani yanang'aa kwa ajili yangu.

Kesho tukitoka kanisani nitamwambia amjibu profesa kwamba anakwenda. Nitasema mbele ya mama yake na Kendi, wasikie kwa masikio yao wenyewe. Nitasema nikitabasamu.

Kulia nimeamua nilie leo.