Kitabu cha Pili

Kidodi, 19 Oktoba 2025

Mdogo wangu Agatha,

Leo ni miezi saba tangu niondoke Rudewa. Shikamoo yako nimeipata, marahaba. Miwa ya kukata bado mingi na mgongo unauma, lakini ninakula.

Umeniuliza insha ya fasihi inaandikwaje ndani ya mtihani. Soma swali mara mbili. Panga hoja zako pembeni kwanza, na kila hoja uitolee mifano kutoka vitabu vyote viwili vinavyotakiwa na swali. Mimi sikupanga. Nilikipenda kitabu kimoja, nikakisimulia mpaka muda wa maswali mengine ukaisha. Tulipotoka nje Goodluck, yule niliyesoma naye, akaniuliza, "Kitabu cha pili umetoa mfano gani?" Nikamjibu, "Cha pili kipi?" Akacheka, akidhani natania.

Nyumbani nilisema mengine. Unakumbuka ng'ombe walivyoingia kwenye mahindi yetu jioni ya kuamkia mtihani, baba akanituma kuwaswaga? Matokeo yalipotoka nilisema uchovu wa siku ile ndio ulionifelisha. Baba akasema, "Basi ni mimi niliyekuangusha, mwanangu." Miaka sita nimemwacha aamini hivyo. Ndiyo maana wewe ukishika kitabu hakutumi hata maji, na shamba analima peke yake na umri ule.

Usimwambie. Hiyo ni kazi yangu. Msimamizi wetu huku kwenye miwa amenipa ruhusa, nitapitia Mikumi na Kilosa, nifike nyumbani Jumamosi tarehe 25 mchana.

Kaka yako,
Beda