Eti Nikiitazama Mursik Inaharibika

Shangazi Phyllis mpendwa, pole na kazi, nakuomba unisaidie kwa sababu hapa nyumbani nikisema naambiwa ninyamaze. Mimi ni msichana wa darasa la saba, sisi ni Wakisii na baba huchuma majani chai huku Mogogosiek, na rafiki yangu ni mmoja tu, Caren, Mkipsigis, tumekaa dawati moja tangu tukiwa wadogo na nilikuwa naenda kwao kila Jumamosi, kogo wake, yaani nyanya yake, ananipa ugali na mursik, maziwa ya mgando ya kibuyuni, mpaka nashiba, sasa muhula huu maziwa yameanza kuharibika ndani ya kibuyu, yanatoka machungu na yananuka, na kogo akasema yanaharibika kila nikitoka kwao, eti nina jicho baya, Caren akakatazwa kunileta, na kesho yake akahamia dawati la msichana mwingine, Phelis, bila kuniambia neno. Shangazi, sasa nakula peke yangu nyuma ya tangi la maji, na nikipita wasichana wanafunika chupa zao za chai kwa mkono huku wakicheka. Mwalimu wetu wa sayansi alisema usiamini kitu kabla hujakijaribu, basi nikajaribu, nikaweka maziwa kwenye sufuria nikayatazama kweli kweli mpaka machozi yakanitoka, na kesho yake yakawa yameharibika. Nililia sana. Sasa hata mtoto wetu Janefer naogopa kumtazama, nikimbeba namgeuza uso aangalie kule. Tafadhali niambie, jicho baya linatolewa aje?

Beldina, Mogogosiek

Beldina mwanangu,

Pole sana. Nilipofika hapo kwa Janefer niliweka barua chini kwanza. Mgeuze huyo mtoto akutazame, leo leo.

Lakini nitakugombeza pia. Kwani hilo lilikuwa jaribio gani? Uliyatazama maziwa, yakaharibika. Haya, na yale ambayo hukuyatazama yangefanyaje, yangekaa mazuri kwa heshima yako? Ulihitaji sufuria mbili, maziwa ya ng'ombe mmoja, zikae mahali pamoja, tofauti iwe macho yako tu. Sasa umejihukumu kwa sufuria moja!

Kogo naye anakumbuka vibuyu vilivyoharibika ukitoka kwao. Vilivyoharibika wakati hukuwako, nani anavikumbuka? Na miaka yote ile uliyokunywa ukashiba, macho yako ulikuwa umeyaacha nyumbani?

Usiende kubishana naye, ni mzee. Swali ni moja: muhula huu kimebadilika nini? Mimi nimeolewa Merigi, kwa Wakipsigis, najua kibuyu husuguliwa ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet. Labda amekosa senetwet akatumia kuni nyingine. Labda kibuyu kina ufa, au hakikukauka vizuri. Hayo ni makisio yangu tu, na makisio ni ya kujaribiwa, si ya kumfukuzia mtoto wa mtu.

Kwa hivyo fanyeni hivi. Vibuyu viwili vidogo, maziwa yale yale, mkaa ule ule. Vyote viletwe ulipo, kimoja ukitazame mpaka uchoke, kingine kikae kimefungwa kwenye leso usikione. Kogo aambiwe mapema kwamba mnajaribu, kisha siku ya kuonja asijue kipi ni kipi. Halafu mrudie tena na tena, maana mara moja inaweza kuwa bahati tu. Na matokeo yasipokupendeza, usiyafiche. Niandikie vile vile yalivyo.

Utaniuliza nani atabeba vibuyu, na kwao umekatazwa. Ni Caren, nani mwingine? Jaribio hili huwezi kulifanya peke yako. Kesho mfuate pale dawatini kwa Phelis, wakicheka wacheke, umwambie unamhitaji. Akikataa utaumia, sikudanganyi. Lakini kufikia leo unachojua ni kwamba Caren alihama dawati. Kwamba hakutaki, hilo umelikisia tu, hujamuuliza hata mara moja. Nenda umuulize.