Eti Hayanihusu

Ruaruke, Alhamisi usiku

Na bado shangazi amenuna. Ale, asile, shauri yake.

Asubuhi nilimwambia nitakwenda kliniki peke yangu, akang'ang'ania kunisindikiza. Kufika, nesi akasema leo, tukishapata dawa zetu za akili, tutazungumza habari za uzazi na magonjwa ya zinaa. Shangazi akanishika mkono. "Huyu tumwache, nesi. Haya hayamhusu. Mgonjwa huyu."

Hayanihusu! Mwanamke mzima mimi, na Seifu anataka kuleta posa.

Nesi akamwomba shangazi asubiri nje. Nilinyoosha mkono nikauliza kama sindano yangu ya kila mwezi inagombana na ile ya kuzuia mimba. Akasema hazigombani. Akasema pia kwamba hata siku nikizidiwa, mwili ni wangu, na anayenigusa bila ridhaa yangu ana kosa. Hilo sikuwahi kuambiwa na mtu.

Naogopa, sikatai. Seifu anajua naumwa, ila hajaniona nikiwa nimezidiwa. Akiniona...

Tulipotoka, shangazi akauliza tumefundishwa nini humo ndani. Yeye ndiye aliyesema nisiingizwe unyago na wenzangu, eti akili yangu haijatulia. Wenzangu wakachezwa, wakafundwa mambo ya kikubwa. Mimi nikaishia kusikia ngoma nikiwa chumbani.

Nikamjibu pale pale barabarani, watu wakisikia: "Nimechezwa, shangazi. Leo na mimi nimechezwa."