Kompyuta ya Mtoto wa Mama Yangu

Jumatatu, 3 Machi

Ijulikane kwa walio hai na watakaozaliwa: leo, mbele ya mashahidi wawili waaminifu, cherehani na pasi, mimi fundi wa chumba cha mbele, mwenye akili timamu, nimeamua kununua kompyuta ya kuchezea michezo. Si ya barua. Si ya mahesabu. Ya kucheza!

Mashahidi hawakupinga. Pasi ilitoa mvuke kidogo.

Pesa ni ya sare za shule. Nimeshona sketi za kijani mpaka nikifumba macho naona kijani. Mume wangu anajua pesa ipo. Dada yake, yaani Wifi, naye anajua, na Wifi akijua pesa iko mahali hapati usingizi. Yeye anataka friza. Tuuze barafu pamoja, "kama ndugu". Maana yake friza ikae kwangu, inywe umeme wangu, mimi nifunge vifuko, yeye apitie jioni kuchukua mgawo.

Hapana.

Binti yangu wa mwisho, Kitinda, aliyeko chuo, alinionyesha video ya mchezo mmoja. Mwanamke yuko juu ya farasi katika nchi pana isiyo na uzio. Anakwenda anakotaka. Hakuna anayemwuliza, fundi, nguo yangu tayari? Video hiyo nimeitazama mara nyingi kuliko ya harusi yangu.

Simu yangu haiuwezi mchezo huo. Kompyuta nzima ya dukani inayouweza, bei yake ni ya kuombea msamaha. Basi nitanunua vipande, niviunge mwenyewe. Kwani gauni huota mtini?

Jumatano, 5 Machi

Najifunza kwa video huku nakunja pindo. Kadi ya picha ndiyo inayomchora farasi. Prosesa ndiyo inayofikiria farasi aende wapi. Halafu yuko Bodi Mama, ule ubao mkuu. Wote wanaishi kwake, anawalisha, anawapatanisha, na hakuna anayemsifu. Tumeelewana papo hapo, mimi na yeye.

Wajuzi wote wanakubaliana jambo moja: mwenye pesa kidogo, karibu nusu aiweke kwenye kadi. Kuhusu nusu iliyobaki wanatukanana. Nimesoma maoni yao. Watu wazima na ndevu zao, matusi ya nguoni kwa ajili ya feni ya kupoza kompyuta!

Mume wangu karudi kazini. Husoma mita za maji nyumba kwa nyumba, kwa hiyo anajua mambo ya mtaa mzima na hasemi kitu. Kanikuta nachora vipande kwenye karatasi ya kukatia. Kauliza hili koti la nani. Nikamweleza si koti. Akaigeuza karatasi juu chini. Kisha:

"Dada ataniua."

"Sanda nitakushonea mimi. Bure."

Akaenda kuoga.

Ijumaa, 7 Machi

Dukani. Mwenye duka nimempachika jina Taa-Taa, maana kila anachouza kinawaka. Feni zinawaka, waya zinawaka, hata kipanya.

"Karibu mama. Ni ya mtoto?"

"Ndiyo. Ya mtoto wa mama yangu."

Akatikisa kichwa kwa adabu. Alipomaliza kuuhesabu huo ukoo tulikuwa tumeshafika kwenye prosesa.

Akanisukumia ya mwaka huu. Nikataka ya miaka ya nyuma, yenye viini sita vya kufikiria, na iwe ile isiyoweza kutoa picha yenyewe, maana kadi nitakuwa nayo na hiyo ni nafuu. Akaniangalia upya. Ramu, ile kumbukumbu ya muda, nikachukua vijiti viwili badala ya kimoja kikubwa. Vikigawana kazi vinakwenda mbio, kama wanandoa wa kwenye hadithi. Diski ya kuhifadhia ile bapa, ya haraka. Bodi Mama wa kawaida, hana taa, hana makuu.

Akasema hata kijitaa kimoja, mama? Rangi milioni kumi na sita!

Nikamwambia mimi rangi moja tu imenitosha mwaka mzima.

Tulipogombana ni kwenye pawa saplai, lile sanduku la kugawa umeme. Alinipa la zawadi. Bure kabisa! Nikalinyanyua. Jepesi kama ahadi ya mteja wa mkopo. Kitu cha kubeba umeme wa nyumba nzima ya vipande, ndani kuna hewa? Uzi mbovu huaibisha kitambaa kizuri. Nimelipia zito, la jina. Taa-Taa kaumia moyo. Kapona tulipofika kwenye malipo.

Kasha la kuviweka vyote nimechukua kuukuu, la ofisi fulani, chuma kitupu. Kioo cha kutazamia sinunui. Tunayo runinga sebuleni.

(Mume wangu bado hajui habari ya runinga.)

Jumamosi, 8 Machi

Kadi nimeipata kwa daktari wa meno. Kaitangaza mtandaoni. Nimekwenda nyumbani kwake na Kitinda, na futi yangu ya utepe shingoni kama kawaida.

Kaiwasha tuone. Mchezo ukapita kwenye kioo, nyasi zinapepea! Nikaificha furaha, bei isipande. Mkewe alisimama mlangoni, mikono kiunoni. Daktari akaichomoa, akaifuta vumbi, akaifunga kwa taulo.

Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, itunze."

"Kwani unaiuza kwa nini?"

Akamtazama mkewe. Nikaelewa. Mwanamume anayeng'oa meno ya watu kutwa nzima, na hili limemshinda.

Nimeipima kadi hapohapo. Nimefika nyumbani nimelipima kasha. Kadi inaingia, na nafasi inabaki. Kazi safi!

Jumapili, 9 Machi

Wifi kapiga simu. Nani kamwambia? Msoma mita, nani mwingine.

Spika ikawekwa ili familia nzima ifaidi. Kasema nasikia unanunua midoli. Nikasema shikamoo dada. Kasema marahaba, sasa wewe mwenye kukoroma mchana na sindano mdomoni, utaungaje kompyuta? Utaunguza nyumba ya kaka yangu. Kasema wenzako wanakuza mitaji, wewe unakuza farasi. Hilo Kitinda kalicheka, nikamkata jicho.

Mume wangu kajikohoza, katoa hukumu. Jumapili ijayo dada anakuja. Ikiwaka mbele yake, yaishe, lisisikike tena neno friza. Isipowaka, vipande viuzwe, friza inunuliwe.

Nikasema nakubali. Nilisema haraka kuliko nilivyofikiri, lakini ulimi haufumuliki.

Wifi kasema ataleta kinywaji cha baridi, kwa kuwa kwangu hakuna friza.

Jumatano, 12 Machi

Haiingii.

Kadi haiingii! Nimeilaza, nimeiinamisha, nimeisemesha. Mbele ndani ya kasha kuna kizimba cha chuma cha kuwekea diski za zamani, kimepigwa ribiti, hakifunguki, na kadi inakigonga tumboni.

Nikarudi kwenye vipimo vyangu. Sawasawa kabisa. Ila nimelipima kasha kama ninavyompima mteja. Kwa nje! Miaka yote hii nazungusha utepe kiunoni kwa watu, sijawahi hata siku moja kuulizwa ndani kuna nafasi gani.

Nimecheka. Kisha sikucheka.

Taa-Taa kwa simu: anayo kadi fupi, dhaifu kidogo, tubadilishane, nimwongezee. Dhaifu kidogo maana yake farasi atatembea kama ana kipele. Pesa ya kasha jipya haipo tena mfukoni mwangu.

Mume wangu kaja kusimama mlangoni. Kasema kwa upole, kweli kwa upole, si ukubali tu hiyo fupi? Au tuyaache yote, nitaongea na Dada mimi.

Upole ndio ulionichoma.

Nikamjibu: nguo ikimbana mtu, hukati mtu. Unakata nguo.

Alhamisi, 13 Machi

Kwa fundi wa mageti. Nimelibeba kasha tupu kichwani. Ndani sijaacha hata skrubu. Watu wananisalimu, fundi, umeanza kuuza masufuria?

Fundi wa mageti kaligeuza, karibu alinuse. Kauliza geti la nyumba gani hili dogo hivi.

"La farasi."

Hakuuliza tena. Mtu wa cheche huyo, anajua wateja wana mambo yao. Nikamchorea kwa chaki yangu ya kitambaa pa kupita. Akasema mbona umechora mistari miwili? Nikasema wa nje ni wa mshono. Akasema mama, chuma hakina mshono. Basi, nikafuta mmoja. Msumeno wa umeme ukalia, kizimba kikatoka kama jino. Daktari angefurahi.

Kakataa malipo ya pesa. Kaleta suruali mbili za kazi, zimechanika pale pale zinapochanika zote. Sawa.

Nyumbani nikalisafisha kasha kwa brashi ya cherehani, kisha nikapitisha ile sumaku yangu ya kuokotea pini. Imetoka na ndevu za chuma! Punje moja ya hizo ingemfikia Bodi Mama, ningekuwa nauza barafu.

Kadi imeingia. Imebaki nafasi ya kidole. Nimekitia kidole hapo mara kadhaa, bila sababu.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeunga kutwa nzima. Mlango nimeufunga, wateja wagonge mpaka wachoke. Anayetunga uzi kwenye tundu la sindano hawezi kutishwa na waya.

Prosesa imekaa kwenye kiti chake kwa uzito wake yenyewe, sikuisukuma. Ramu imelia *tak*, *tak*. Kitinda kasoma maelekezo kwa sauti, nikamwambia asome polepole, si kama anakimbizwa.

Jioni nikabonyeza kitufe. Feni zote zikazunguka! Runinga: giza.

Giza tupu. Kitinda kanitazama. Mume wangu, aliyekuwa anajifanya anasoma gazeti, kageuza ukurasa ambao hakuwa ameusoma.

Nikakaa sakafuni. Nikaifuata kama maji ya bomba: picha inatoka wapi? Prosesa yangu ni ile isiyotoa picha. Mimi mwenyewe niliichagua! Nami nimechomeka waya wa runinga kwenye tundu la Bodi Mama. Maskini Mama wa watu, anaombwa hata asichokuwa nacho.

Nikahamisha waya kwenye kadi.

Maandishi! Meupe, kwenye runinga yote. Kitinda kapiga kelele. Mume wangu kasimama, kakaa, kasimama tena. Kasema, "Na mpira tutautazama wapi?"

Kitinda katia programu kwa intaneti ya simu yake, na mchezo tumeuacha ujipakue. Nitaufungua kesho, mbele ya Wifi. Ashuhudie.

Jumapili, 16 Machi

Wifi kafika mapema, kabla sijavua kanga ya kufagilia. Kinywaji cha baridi kweli kaleta. Kapita moja kwa moja sebuleni, kaliangalia kasha, kauliza mbona lina kovu. Nikasema ni operesheni.

Nikabonyeza. Ikawaka. Mchezo ukafunguka, na yule mwanamke juu ya farasi, na nchi yote ile, nyasi, mlima, mawingu yanatembea. Mume wangu kasema neno moja tu: "Basi." Hukumu imetoka. Friza imekufa, na sanda sikuishona.

Wifi kaegemea mbele. Kisha kasema yule farasi anaongozwa na nini. Nikamwonyesha vitufe. Kasema lete nijaribu kidogo tu, nione ubaya wake.

Wifi humwambii hapana. Ni mgeni, ni mkubwa, ni dada wa mume. Nikampisha kiti.

Sasa ni mchana. Nimepika, wamekula, yeye kala kwa mkono mmoja. Kampa farasi jina. Kamgombeza mume wangu asipite mbele ya runinga. Nikajisogeza nikasema dada, hujachoka? Kasema aa, mdogo wangu, nikichoka nitakuambia, wewe pumzika, umehangaika sana na hiki kitu.

Nimekuja chumbani kuandika. Huku nyuma nasikia kwato.

Kitinda kaingia kuchukua mto na shuka. Kasema ni za Shangazi. Mkoba wa Wifi kausukumia chumba cha mbele, chini ya meza ya kukatia; nimekwenda kuufungua. Gauni nne, malapa, dawa ya mswaki.